Koo la Mama kwenye Skrini ya Mpira

Kibandani kwangu,
Uyole, Mbeya.
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Gwakisa,

Ugonile. Nakusalimu kwanza kwa lugha ya nyumbani, ili kama huko Gaborone hujaisikia siku nyingi ikusafishe masikio kabla sijaanza. Hujambo wewe? Shemeji yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Sisi hapa ni wazima, kwa uzima wa Uyole wa mwezi wa sita: mtu anaitikia "salama" huku meno yanagongana. Baridi ya mwaka huu imekuja na ndugu zake wote. Asubuhi jua likipiga, mabati yanatoa mvuke utadhani kuna mtu anapika juu ya paa.

Viazi tumevuna, vimekubali. Ng'ombe wa kaka Sedekia amezaa, tena jike, na Sedekia anamsemesha yule ndama kuliko anavyosema na sisi. Ile miparachichi uliyokuja kupanda ukapigwa picha nayo imeanza kuzaa, isipokuwa ule mmoja ulioushika mkononi kwenye picha. Sijui uliuambia nini.

Baba mkubwa Isakwisa anasumbuliwa na magoti lakini kikao hakimpiti. Bertha, mke wa Sedekia, bado yuko kwao Kalenga, Iringa. Nimemtia mapema namna hii, katika salamu, kwa sababu barua hii ni yake kuliko ilivyo yangu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi na simu ninayo. Ujumbe wa simu utausoma nusu, halafu utasema mtandao ulikata. Sauti yangu utaisikiliza kwa kasi mara mbili. Ulijisifu mwenyewe mbele yangu kwamba watu wa nyumbani ndivyo unavyowasikiliza, maana salamu zao ni ndefu. Karatasi haina kasi. Asukile, kijana wa jirani yetu anayeendesha lori, anapita Tunduma, anavuka Zambia yote mpaka Kazungula, na mzigo wake safari hii unashuka huko kwenu. Nimemwambia akukabidhi mkononi, asiondoke mpaka umefungua.

Na nitakueleza kila kitu tangu mwanzo, hata usivyohitaji kuelezwa. Nimegundua una tabia ya kusimulia mambo ya nyumbani kana kwamba hukuwepo. Basi na mimi nitakusimulia hivyo hivyo.

Habari za kibanda. Tangu mume wangu afariki, mimi ndiye ninayeonyesha mpira hapa Uyole, na wanaume waliosema mwanamke hawezi kibanda sasa wananiuliza mimi kama lile lilikuwa ofsaidi. Mwezi wa pili radi iliunguza projekta ya ile shule ya wasichana iliyo juu ya barabara. Mwalimu wao wa biolojia, Timotheo, akaja kwangu kofia mkononi. Ana klabu ya sayansi, akasema. Kila Jumamosi asubuhi wanaunganishwa kwa mtandao na daktari bingwa, leo wa Mwanza, kesho wa ng'ambo, anawaeleza kazi za udaktari ambazo hawajawahi kuzisikia. Maana ukimuuliza mtoto wa hapa anataka udaktari gani, atakwambia wa watoto au wa kupasua, kwa kuwa ndio anaowaona kwenye tamthilia. Nikampa kibanda, kwa sharti kwamba hakuna kuchora kwenye mabenchi.

Gwakisa, mimi niliyeishia darasa la saba nimehudhuria kuliko mwanafunzi yeyote, kwa sababu siwezi kuacha mitambo yangu na wageni. Nimemsikia daktari wa magonjwa ya wazee. Nimemsikia wa vinasaba. Alikuja wa ganzi na usingizi, mama mmoja mpole, akaeleza namna anavyomlaza mgonjwa asisikie kisu halafu anamwamsha salama. Msichana mmoja nyuma akanong'ona, "Sasa hiyo si hata mchungaji wetu anafanya?" Mwenzake akamjibu, "Mchungaji analaza tu. Kuamsha hajui." Nikajifanya naangalia nyaya.

Mlangoni ninaandika ratiba kwa chaki kama siku zote, ya asubuhi juu, ya jioni chini. Wiki ya zamu yako iliandikwa: SAA NNE, PATHOLOJIA. SAA KUMI, YANGA. Mzee wa duka la mbolea akasimama akaisoma, akaniuliza, "Mama, huyu Patholojia anacheza na nani?" Nikamwambia anacheza na kifo. Akafikiri kidogo. "Na nani yuko nyumbani?"

Hilo swali nililicheka siku ile. Siku hizi silicheki.

Mwalimu Timotheo alikuwa ameniambia tu kwamba mgeni wa wiki hiyo ni bingwa wa patholojia, Mtanzania anayefanya kazi Botswana. Akalitaja jina lako. Sikumwambia kitu. Nilimwambia Faustina peke yake, maana yumo kwenye klabu hiyo, anakaa benchi la mbele kabisa. Faustina ni binti wa kaka yetu Sedekia na Bertha, yuko kidato cha tano, na wewe ni baba yake mdogo. Nakukumbusha tu. Tukapatana tunyamaze, tukupe furaha ya ghafla mwishoni: ukimaliza, mimi nitatokea mbele ya kamera na kukusalimu. Nikafuta skrini kwa kitambaa chenye sabuni. Nikavaa kitenge cha harusi yako. Nikawaalika na majirani wawili wakae nyuma, waone mtoto wa mama yetu Marta alikofika.

Kamera Mwalimu aliizima ili bando lisiishe. Wewe ulikuwa unaona jina la klabu tu. Sisi tulikuwa tunakuona wewe, kichwa chako kikubwa kuliko cha golikipa yeyote niliyewahi kumwonyesha.

Ulisema vizuri, sikatai. Ulisema wote wanamkumbuka daktari aliyeshika kisu, hakuna anayemkumbuka aliyekaa na hadubini akamwambia mwenye kisu akate wapi. Ulisema mpatholojia ndiye daktari wa madaktari. Ulisema nchi nzima mabingwa hawa ni wachache na watu wanakufa bila mtu kujua wamekufa kwa nini, na mahali ambapo sababu haijulikani, uongo unahamia na kufunga ndoa. Hayo ni maneno yako. Wasichana waliyaandika. Mimi niliona fahari mpaka kitenge kikanibana.

Mwalimu akaomba kurekodi. Ukakataa kwa upole, ukasema unataka kuonyesha kisa cha kweli na lazima kulinda siri ya mgonjwa.

Ndipo ukaanza. Mama mmoja mkulima, ukasema, wa kule Iringa. Chakula kikawa kinamkwama kooni. Kwanza ugali, halafu ndizi, halafu hata uji. Akakonda. Daktari wa kwanza, ukasema, kwa bahati mbaya alidhani ni asidi, akamweka kwenye dawa za kutafuna kwa miezi mingi, mpaka muda ukapita. Ukaonyesha picha ya kipande cha koo lake ulichokitazama mwenyewe kwenye hadubini. Skrini yangu yote ikawa ya waridi na zambarau kama kitenge kipya. Katikati kulikuwa na vitu vya mviringo, duara ndani ya duara. "Hizi tunaziita lulu," ukasema. "Ukiziona hizi kooni, hiyo ni saratani, huna haja ya kubahatisha. Tazameni zilivyo nzuri."

Wasichana wakasema, "Waah."

Halafu ukataka kuwachekesha. Ukasema moja ya mambo yanayochangia ni kunywa vitu vya moto sana miaka na miaka, na mama huyu alikuwa na msemo wake: chai isiyounguza ni maji ya kunawia.

Kibanda kizima kikacheka. Faustina hakucheka. Aligeuka akanitazama, na mimi nilikuwa tayari namtazama.

Gwakisa, hayo maneno yana mwenyewe mmoja tu duniani, naye tumemzika. Ulimhamisha mama mpaka Iringa ili asijulikane, mama aliyekuwa akisema baridi ya Iringa haina adabu. Lakini hukuweza kuuacha ule msemo, kwa sababu unachekesha. Ulimvua jina, ukamvua kijiji, ukambakiza na kicheko.

Na huyo daktari wa kwanza aliyedhani ni asidi mimi namfahamu. Ana kovu gotini alilolipata akikimbizwa na bata bukini wa mchungaji. Alikuwa anasomea ubingwa Dar es Salaam wakati ule, na mama alikuwa anampigia simu kila Jumapili kumwambia koo linabana, na yeye anamjibu, "Ni asidi hiyo, mama, punguza pilipili." Mama hakuwa anakula pilipili.

Kwa hilo sikulaumu, na uandike mahali kwamba sikulaumu. Mtu hukosea. Waamuzi wenye mashine ya kurudia picha wanakosea. Ninalolisema ni la baadaye.

Sasa nakusimulia usilohitaji kusimuliwa. Mama alipozidiwa tulimpeleka hospitali, wakaingiza mpira wenye kamera, wakakata kipande. Ukatuambia majibu utayafuatilia wewe, sisi tusihangaike. Ukarudi ukasema ni vidonda tu. Mama akafa Septemba ya mwaka juzi. Wasifu wa marehemu uliuandika wewe na kuusoma wewe, pale makaburini, kwa ile sauti yako ya redio: kwamba alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akazaa, na kwamba alisumbuliwa na presha kwa muda mfupi. Watu waliokuwa wamemwona mwaka mzima anashindwa kumeza mate walitazamana. Presha gani inayokaa kooni?

Jioni ile ile jibu lilikuwa limepatikana. Kalishwa sumu. Na aliyekuwa anampikia ni nani? Bertha. Na Bertha katoka wapi? Siyo wa huku. Chai ya mama alikuwa anaichemsha nani, alfajiri, peke yake jikoni? Ikawa hivyo, Gwakisa, kwa wepesi wa mtu anayejumlisha moja na moja.

Kwenye kikao nilisema mimi. Nikasema huyu mwanamke ndiye aliyekuwa anamwogesha mama wakati sisi wote tuna udhuru. Nikajibiwa kwamba mwenye kibanda cha mpira aongee mpira. Halafu baba mkubwa Isakwisa, ambaye ni mtu wa haki akipewa kitu cha kushika, akakugeukia wewe. Nakumbuka mpaka ulivyokuwa umekunja miguu. "Daktari," akasema, "wewe umesoma. Unasemaje?"

Ukasema, "Mambo ya koo yana mengi, baba. Siwezi kusema moja kwa moja."

Ulikuwa umeshaziona lulu.

Bertha aliondoka na basi la asubuhi, na mabegi mawili, huku Faustina, aliyebaki na baba yake, amemshika gauni mlangoni, na miaka yake kumi na sita. Wewe ulikuwa bado umelala, umechoka na msiba.

Basi turudi kibandani. Mwalimu akauliza nani ana swali. Faustina akanyanyua mkono, akapewa laptopu aongee. Hukumjua sauti, imekua. Akauliza taratibu sana, kama mtu anayebeba maji: "Daktari, familia ya yule mama waliambiwa?"

Ukasema, "Ndiyo. Familia ilielezwa kwa kina, na walishukuru sana. Hiyo ndiyo furaha ya kazi yetu." Halafu ukaongeza, "Swali zuri, binti. Wewe unafaa patholojia."

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Nimewahi kuzima matangazo timu ya nyumbani ikifungwa la tano, kwa huruma tu. Wewe sikukuzima. Nilikuacha mpaka ukaaga, ukapunga mkono, ukasema mnakaribishwa sana kwenye familia ya patholojia. Sikutokea mbele ya kamera. Majirani wangu nyuma walikuwa wanapiga makofi.

Najua utakachojibu, maana nimekulea. Utasema siri ya mgonjwa. Ni siri ya namna gani hiyo, ndugu yangu, inayofichwa kwa watoto wa mwenyewe na kugawiwa watoto wa watu? Utasema saratani ingemvunja mama moyo. Mama alikuwa ameshakufa wakati unaulizwa. Utasema ulitaka kulinda amani ya ukoo. Amani hiyo aliilipia Bertha peke yake. Kilichokufunga mdomo ni ile asidi. Kama ungesema saratani, mtu angeuliza ilianza lini, na mtu mwingine angekumbuka zile simu za Jumapili. Ungetuambia tungekusamehe kabla ya chakula. Ulichagua mtu mwingine asisamehewe kwa jambo ambalo hakulifanya.

Faustina alikwenda kwa baba yake jioni ile, akamweleza. Mimi nilikuwepo. Sedekia alisikiliza huku akikamua, hakusimamisha mkono. Mwisho akauliza, "Alisema Gwakisa kwa mdomo wake kwamba ni mama?"

"Hakutaja jina, baba. Lakini ule msemo wa chai..."

"Msemo si cheti." Akaendelea kukamua. Halafu, bila kuinua kichwa: "Akiniambia Gwakisa mwenyewe, nitakwenda Kalenga kwa miguu. Lakini aniambie yeye."

Kumbuka kwamba anakuamini. Katika nyumba hii yote, ndiye aliyebaki.

Mimi sikungoja. Juma lililofuata nilipanda basi mpaka Iringa, nikaenda Kalenga. Nilimkuta Bertha shambani kwa mama yake, Mama Tekla, anapalilia vitunguu. Amekonda uso, mikono ni ile ile. "Kamwene, wifi," nikamsalimu kwa lugha ya kwao. "Kamwene," akaitika, akaendelea mpaka mwisho wa tuta ndipo akasimama. Hakutaka kuonekana amekatishwa kazi na watu wa Mbeya.

Lazima nikueleze anavyoishi, kwa sababu hukuuliza. Hakuna anayemtukana. Lakini habari zilifika Kalenga kabla yake, simu ina miguu kuliko basi. Kukiwa na msiba au harusi, wanawake wote wako jikoni, unajua, wanamenya, wanachekana, wanagombania mwiko. Bertha akifika wanampokea vizuri sana, wanampa ufagio. Akimaliza kufagia, wanamtafutia watoto wa kuangalia. Kwenye sufuria hasogei. Hata jumuiya, wakikutana kwake kusali, kila mtu anakuwa amekunywa chai nyumbani. Mama Tekla alinisimulia haya wakati Bertha yuko kisimani. Yeye mwenyewe asingesema.

Nikampa zile habari. Nilidhani atalia, nilikuwa nimebeba kanga ya ziada kwa ajili hiyo. Hakulia. Alinitazama kama ninavyomtazama mtu aliyeleta matokeo ya mechi ya juzi.

"Wifi," akasema, "mimi nilijua kwamba sikumlisha mama. Sijawahi kukosa kujua hata siku moja. Ninyi ndio mlikuwa hamjui. Sasa mmejua, mnapanda basi mnakuja kuniambia mimi?"

Nikaikunja ile kanga ya ziada, nikairudisha kwenye mkoba.

"Nenda kawaambie waliosikia," akasema. "Walisikilia makaburini. Waambiwe makaburini."

Nikamwambia kwamba mwezi wa nane tunaweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mama, ukoo wote utakuwepo. Je, atakuja? Akafuta jembe kwa jani, pande zote mbili, kama vile kesho hatalima tena.

"Nitakuja kama nitapika chai. Nikipewa ufagio, narudi na basi lile lile."

Basi hayo ndiyo niliyotaka kukuandikia, na haya ndiyo ninayokuomba, na neno "ninakuomba" nimelitumia kwa heshima ya marehemu tu.

Jumamosi tarehe kumi na sita Agosti tunaweka msalaba. Baba mkubwa Isakwisa nimeshamwambia kwamba wasifu wa mama utasomwa upya kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa na pengo. Akauliza pengo gani. Nikamwambia daktari atalijaza. Akasema, "Kumbe jibu alikuwa nalo." Nadhani yeye naye amengoja.

Ukiweza kuja, njoo, nauli unayo na likizo unayo. Ukishindwa, tutaanzia kibandani kwangu saa nne kabla ya kwenda makaburini. Mabenchi yapo, skrini nitaifuta. Safari hii kamera itakuwa wazi, uone unaongea na nani. Mbele atakaa Sedekia. Kando yake Bertha, kama atapenda kukaa kando yake; hilo sikupangii, wala yeye simpangii. Utasema mama alikufa kwa saratani ya koo, kwamba uliiona kwa macho yako, kwamba ulijua siku ulipoulizwa. Mambo ya asidi ukipenda useme, ukipenda umwambie Mungu.

Mlangoni nimeshaandika kwa chaki, karibu miezi miwili kabla, jambo ambalo sijawahi kuifanyia hata fainali: SAA NNE, DKT. GWAKISA. WASIFU WA MAREHEMU MARTA, MARUDIO. Mzee wa mbolea amesoma, safari hii hakuuliza kitu.

Usiposema, atasoma Faustina. Ameshaandika. Nimeusoma wasifu wake, hauna hasira hata kidogo na hiyo ndiyo inayonitisha. Nilimuuliza kama bado anataka hiyo patholojia baada ya yote haya. Akaniambia, "Shangazi, ndiyo. Kwa sababu siku ile hapakuwa na mtu wa kusema." Basi kazi yako ya kuwavutia wanafunzi imezaa, hongera. Umempata mmoja, na ni mzuri kuliko unavyostahili.

Shangazi yetu Sifaeli anakusalimu, hajui lolote, anasema mwanawe daktari asisahau sweta. Sedekia anakusalimu, alisema "msalimie" na kurudi kwa ndama. Mama Tekla wa Kalenga amesema nikusalimie pia, nami sikutegemea, kwa hiyo nakufikishia kama nilivyopewa. Bertha hakutuma salamu. Faustina amesema atakusalimu mwenyewe siku hiyo. Wabusu watoto. Mungu aliyekupa macho ya kuona kitu kidogo hivyo kwenye kioo akupe na mdomo.

Ndani ya mfuko aliobeba Asukile utakuta kikombe cha bati cha mama, kile cha bluu chenye ukingo uliobanduka. Kitunze mpaka Agosti, au kilete. Chai ya siku hiyo ataipika Bertha. Ukimaliza kusema tutamimina, na Sedekia atakuwa wa kwanza kupokea. Usiposema tutamimina vilevile, na wa kwanza kunywa nitakuwa mimi, mbele ya ukoo mzima, nimesimama.

Lakini tutaiacha ipoe kwanza. Hilo umetufundisha.

Dada yako akupendaye, ambaye bado hajarudi kukuamini,

Esnath